Dhoruba Ikinyemelea Mwalo: Mwongozo wa Kujiandaa na Kufuatilia Hali ya Hewa Ziwani

Kila msimu wa mvua unapokaribia, maswali ni yale yale. Je, tufani ya Bahari ya Hindi inaweza kutufikia huku Uganda? Kati ya simu na macho ya mzee aliyevua tangu ujana wake, tuamini kipi? Nani ana haki ya kumwambia tajiri wa chombo kwamba leo mtumbwi wake usitoke? Nimeyajibu maswali haya ufukweni, kwenye mikutano ya kijiji na kwa simu, na mara nyingine nimeyajibu watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo nimeona niyaandike majibu kwa utaratibu, ili kamati ya mwalo wowote wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, yaani ufuko wowote vyombo vinapotokea na kushusha samaki, kuanzia Majanji kule Busia, Sigulu na Lolwe katika Namayingo, hadi Buvuma, Mukono na Kalangala, iweze kuyashika mkononi na kuyafuata hatua kwa hatua.

Swali la tufani lina jibu fupi. Tufani kama Idai iliyoipiga Msumbiji mwezi Machi 2019, au Hidaya iliyofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, huhitaji bahari yenye joto pamoja na ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ukazunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, nasi tunaishi juu ya ikweta yenyewe. Tufani ya baharini inaweza kuubadilisha mwenendo wa mvua zetu kwa kuvuta au kusukuma unyevu, lakini yenyewe haiji Entebbe wala Kalangala. Kinachoua watu wetu ni dhoruba ya radi ya usiku, ile ambayo Waganda huiita kibuyaga, na makadirio yanayonukuliwa sana husema kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji kila mwaka katika ziwa zima, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka.

Jambo moja la kuelewa kabla ya mengine

Ziwa Victoria, au Nalubaale, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake hubaki na joto usiku kucha wakati nchi kavu inapopoa. Kwa sababu hiyo, usiku upepo hutoka nchi kavu kwa pande zote na kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana saa za hatari kubwa ziwani ni kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, wakati ambapo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani na mvua kubwa hunyesha nchi kavu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu dhoruba za ziwa hili ulionyesha jambo ambalo wazee wengi walikuwa wakilihisi, kwamba radi nyingi juu ya nchi kavu mchana ni dalili ya dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili, kwa kuwa mwongozo wote unaitegemea. Uamuzi wa kutoka au kutotoka unapaswa kufanywa kabla jua halijatua, kwa kuitazama nchi kavu. Anayesubiri kuiona dhoruba ziwani ataiona akiwa ndani yake.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

– Watu watatu wa zamu walioteuliwa na kamati, wanaojua kusoma na kuandika, na angalau mmoja wao asiwe mvuvi wala tajiri wa chombo, ili uamuzi wake usivutwe na faida ya siku.
– Madaftari mawili: moja la hali ya hewa, jingine la vyombo vinavyotoka na kurudi.
– Simu mbili za mitandao tofauti, zenye chaji na muda wa maongezi, pamoja na redio ndogo ya betri. Kila simu iwekewe kavera (mifuko ya plastiki) mbili za kuifunga isilowe.
– Bendera tatu, ya kijani, ya njano na nyekundu, na mlingoti unaoonekana kutoka kila upande wa mwalo.
– Kitu cha kupigia mbiu usiku: kipaza sauti cha mwalo, ambacho wengi hukiita kizindaalo, au ngoma, au firimbi kadhaa. Kizindaalo hutegemea umeme na ngoma haitegemei chochote, basi muwe na vyote viwili.
– Mtumbwi mmoja wa uokoaji wenye injini inayofanya kazi, na petroli yake iliyofungiwa mahali pasipoguswa kwa shughuli nyingine.
– Ubao wenye namba za simu zilizoandikwa kwa rangi isiyofutika: polisi 999 au 112, polisi wa majini walio karibu, kituo cha afya, mwenyekiti wa LC1 (halmashauri ya kijiji), na mialo jirani ya pande zote mbili.

Jaketi za kujiokolea sikuziorodhesha hapa kwa sababu kila chombo kinapaswa kuwa na zake, moja kwa kila mtu aliyemo. Kamati isijitwike mzigo wa kuwaazima watu.

Hatua kwa hatua

1. Wekeni kanuni siku ambayo ziwa limetulia.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayosababisha ugomvi mkubwa baadaye. Iteni mkutano wa matajiri wa vyombo, manahodha, mabaharia, wanawake wanaokausha na kuuza dagaa, na LC1, kisha mkubaliane kwa maandishi maana ya kila bendera. Mimi hupendekeza hivi: kijani, vyombo vyote vinatoka; njano, vinatoka vyenye injini nzima na jaketi kamili tu, na visivuke umbali wa saa moja kutoka ufukweni; nyekundu, hakitoki chochote, wala cha abiria. Mkubaliane pia ni nani anayepandisha bendera, ni nani anayeweza kuishusha, na tajiri atakayempeleka baharia ziwani chini ya bendera nyekundu atachukuliwa hatua gani.

Kuna jambo la haki ndani yake. Baharia hulipwa kwa samaki waliopatikana, na tajiri akimwambia atoke, mara nyingi hana ubavu wa kukataa. Kanuni iliyosainiwa na wote humpa kijana huyo mahali pa kusimama.

Kanuni hizo zisomwe kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali hapo. Mialo yetu ina Waganda, Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wakongo na watu waliovuka kutoka Kenya na Tanzania, na mbiu inayopigwa kwa lugha moja huwaacha wengine wamelala.

2. Pata utabiri rasmi, na uusome vizuri.

Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda, UNMA, hutoa utabiri wa ziwa unaoeleza upepo, mawimbi, mvua na umbali wa kuona. Mwenye zamu autafute asubuhi na tena alasiri kabla ya vyombo kutoka, kwa sababu utabiri wa asubuhi unaweza kuwa umepitwa na mambo ifikapo jioni. Aunakili kwenye daftari, aandike na saa aliyoupata.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni la saa. Utabiri ulioandikwa 03:00 maana yake ni saa 9 usiku. Saa 3 usiku huandikwa 21:00. Aliyezichanganya hizo mbili amekosea kwa saa sita nzima, na usiku wa dhoruba saa sita ni uhai. Picha za setilaiti kwenye simu zina mtego mwingine, kwa kuwa nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa: ongeza saa 3 kupata saa za Uganda. Picha yenye alama ya 12:00 ni ya saa 9 alasiri kwetu. Andika hesabu hii kwenye jalada la ndani la daftari.

Upepo ukitajwa kwa noti, kumbuka kwamba noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Kwenye noti 10 utaona vichwa vyeupe vya mawimbi hapa na pale; kwenye noti 20 povu jeupe limejaa kila mahali. Kwa mtumbwi wa kawaida wa mbao mimi huweka mpaka kwenye noti 15, na wenye vyombo vidogo zaidi waweke chini ya hapo.

3. Itazameni nchi kavu tangu mchana.

Mwenye zamu aangalie mbingu saa 8 mchana, saa 10 jioni na saa 12 jioni, kila mara aandike mambo manne: wingu kubwa liko upande gani, limefika urefu gani, kama ngurumo zimesikika, na upepo unatoka wapi. Wingu la kuhofia ni lile linalopanda kama mnara, kisha kichwa chake kikatandaa bapa kama kichanja cha kukaushia dagaa. Wingu la namna hiyo limekwisha komaa na lina radi ndani yake, hata kama liko mbali kiasi kwamba husikii kitu.

Aliye Namayingo, Mayuge au Buvuma ataielekea kaskazini na mashariki. Aliye kisiwani Kalangala huona sehemu ndogo tu ya nchi kavu, kwa hiyo ampigie simu mtu wa Masaka, wa Entebbe na wa Jinja awaulize swali moja: je, kumenguruma kwenu leo? Simu tatu fupi kila alasiri ni gharama ndogo sana. Na kwa Kalangala tahadhari iwe kubwa zaidi, kwani mawingu ya usiku husukumwa na pepo za mashariki kuelekea upande wa magharibi wa ziwa, na visiwa vya Ssese, iliko Kalangala, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Ninaukumbuka ukurasa mmoja wa daftari la mwalo ulioko upande wa Namayingo, ulioandikwa kwa penseli na mama muuza dagaa aliyekuwa zamu: «Saa 9.20, wingu upande wa Bugiri, kichwa kimetandaa. Saa 10.45, ngurumo mara saba. Saa 12, kwetu mbingu nyeupe, ziwa kimya. Nyekundu.» Vijana walilalamika kwa sababu nyota zilikuwa zinaonekana. Upepo ulifika kabla ya saa 9 usiku, na asubuhi mitumbwi yote ilikuwa pale pale ilipofungwa. Naurudia mfano huu kila ninapofundisha, kwa sababu ile «ziwa kimya» ndiyo iliyowahi kuwadanganya wengi.

4. Andika kila chombo kinachotoka.

Jina la nahodha, idadi ya watu, namba ya chombo, namba ya simu, upande wanaokwenda na saa wanayotarajia kurudi. Usiandike «wavuvi wa Fulani»; andika idadi. Bila ya idadi, asubuhi hakuna anayejua anatafuta watu wangapi.

5. Kagua chombo kabla hakijasukumwa majini.

Kila mtu awe amevaa jaketi, na iwe imefungwa mikanda. Jaketi iliyowekwa chini ya wavu au kukaliwa kama mto haitavalika mtumbwi ukipinduka. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha MV Templar kilizama karibu na ufuko wa Mukono, si mbali na nchi kavu, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi, na wengi wao hawakuwa wamevaa jaketi.

Angalia pia ndoo ya kukumbia maji, kasia mbili hata kama injini ni mpya, tochi isiyoingia maji, kisu chenye makali, na kamba ya mita 20 hivi pamoja na nanga.

Pasipo na jaketi za kutosha, chombo kisitoke. Huo ndio msimamo wangu. Hata hivyo najua hali ilivyo, na nitaeleza jambo la ziada linalosaidia, ambalo si badala ya jaketi. Jerikeni tupu ya lita 20, iliyofungwa mfuniko sawasawa, huinua karibu kilo 19, na mtu aliyemo majini huhitaji kilo chache tu za kumwinua ili kichwa kibaki juu. Tatizo lake ni kwamba jerikeni iliyolowa huteleza mikononi. Basi izungushie jerikeni kamba katikati yake, pitisha kamba nyingine kwenye mpini, na uache vitanzi vinne vinavyoweza kupitisha mkono hadi begani. Kaza mfuniko kwa kipande cha mpira wa tairi chini yake, kisha izamishe kwenye maji kwa nguvu uone kama inatoa mapovu. Ikitoa, haifai. Kila mtumbwi ubebe mbili za namna hiyo, zifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

6. Andaa mwalo wenyewe.

Mitumbwi iliyobaki ivutwe nchi kavu hadi juu ya mstari wa takataka ulioachwa na mawimbi makubwa ya mwisho, ifungwe mbele na nyuma, na injini zitolewe. Usitumie mstari wa zamani unaoujua tangu utoto: mwezi Mei 2020 kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, kikapita kidogo kile cha mita 13.41 cha mwaka 1964, na mialo mingi ilipoteza sehemu ya ufuko wake.

Mawe juu ya mabati hayazuii paa, na upepo mkali huyaangusha juu ya watu. Funga boriti za paa kwenye nguzo kwa waya mnene, na nguzo ziwe zimechimbiwa barabara. Dagaa waanuliwe kabla ya giza. Moto wa jiko uzimwe, na petroli ikae mbali na mahali pa kulala.

Chagueni mapema jengo la kukimbilia. Liwe la matofali, lililofungwa pande zote, na liwe mbali na miti mirefu. Banda lililo wazi na kibanda cha mabati si mahali pa kujificha na radi. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, na mwezi Novemba 2024 iliua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo, waliokuwa wamekusanyika ndani ya jengo la mabati.

7. Kesheni kwa zamu, mkihesabu sekunde.

Zamu ianze saa 3 usiku na isiishe kabla ya saa 3 asubuhi, kwa watu kupokezana. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3: jibu ni umbali kwa kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Rudia hesabu hiyo kila baada ya dakika 10 na uandike. Sekunde zikipungua kutoka 60 hadi 45 hadi 30, dhoruba inakuja. Zikibaki zile zile, huenda inapita pembeni, lakini usilale.

Dalili za karibu kabisa ni tatu. Upepo hukatika ghafla na joto likakaa. Kisha hewa ya baridi hukupiga usoni kutoka upande ambao upepo haukuwa ukitoka. Kisha mstari mweupe wa povu huonekana ukija juu ya maji, au kama ni giza, husikika kama mvua juu ya mabati ya mbali. Baridi ile hutangulia mvua kwa dakika chache tu.

8. Piga mbiu bila kusubiri uhakika.

Ngurumo ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya mwanga, mwenye zamu apige mbiu bila kumwomba mtu ruhusa. Wakati huohuo mwingine awapigie simu manahodha walioko ziwani, akianza na walio mbali zaidi, na wa tatu apigie mialo jirani, kwa kuwa chombo kilicho hatarini kirudi kwenye ufuko ulio karibu, si lazima kwake. Ujumbe uwe mfupi na uwe ule ule: dhoruba inatoka upande gani, iko umbali gani, waelekee wapi. Watu wote wa nchi kavu waingie katika jengo lililochaguliwa, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

9. Kama imekukuta majini.

Kata wavu. Najua bei ya wavu, na najua wapo waliokufa wakiuvuta. Zima taa na uzishushe nguzo zake, watu wote wakae chini sakafuni katikati ya chombo, na asisimame mtu. Elekeza mbele ya mtumbwi kwenye mawimbi, kwa pembe kidogo, injini ikienda polepole. Ukiyapa mawimbi ubavu, utapinduka. Injini ikizimika, funga ndoo kwa kamba ndefu upande wa mbele na uitupe majini, nayo itaburuta na kukiweka chombo kikiutazama upepo. Mmoja akumbe maji bila kupumzika.

Mtumbwi ukipinduka, baki nao. Mbao huelea hata zikijaa maji, na waokoaji huona chombo mapema kuliko kichwa cha mtu. Taa za ufukweni usiku huonekana karibu kuliko zilivyo, na wengi waliojaribu kuogelea kuzifuata walichoka njiani.

10. Kukipambazuka, hesabuni watu kabla ya mali.

Chukueni daftari la vyombo, msome jina kwa jina, na muweke alama kwa aliyeonekana kwa macho, si kwa aliyesemekana ameonekana. Mtumbwi wa uokoaji usitoke ngurumo zikiendelea. Kisha angalieni vyoo na maji: vyoo vikifurika, maji ya ufukweni yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa, maana kipindupindu hufuata mafuriko ya namna hii.

Mambo yakikwama

Mtandao wa simu umekatika. Msihangaike kuutafuta kwa kupanda miti au mlima wakati wa radi. Endeleeni na redio, daftari na hesabu ya sekunde. Hatua ya 7 haihitaji simu, wala ya 3 kwa asiye kisiwani. Kwa walioko ziwani, kubalianeni mapema alama ya mwanga, kwa mfano tochi kubwa inayowashwa na kuzimwa mara tatu mfululizo kutoka mahali palipoinuka.

Utabiri umesema shwari, lakini mchana kumenguruma. Fuateni kilicho kali zaidi kati ya hivyo viwili. Utabiri huzungumzia eneo pana, nawe unazungumzia ghuba yako.

Bendera nyekundu ilipandishwa, dhoruba haikuja. Itatokea, tena zaidi ya mara moja, na watu watanung'unika kwa sababu wamelala bila kipato. Usijitetee kwa maneno. Fungua daftari mbele ya mkutano, onyesha ulichokiona na saa uliyokiona, kisha mhesabu pamoja: katika bendera nyekundu za mwezi, ngapi zilifuatiwa na upepo. Mwalo uliotunza daftari kwa misimu miwili huweza kurekebisha kanuni zake kwa ushahidi wake wenyewe.

Tajiri anatoa chombo kwa siri, kutoka ufuko wa pembeni. Mwandike hata hivyo. Anapokuwa amevunja kanuni, mabaharia wake bado ni watoto wa watu na watahitaji kutafutwa. Suala la adhabu lisubiri mchana.

Chombo hakijarudi saa mbili baada ya saa iliyoandikwa. Pigeni simu kwa nahodha, kisha mialo jirani kwa kufuata upande upepo ulikoelekea, kwa kuwa chombo kilichozimika husukumwa huko. Asipopatikana, arifuni polisi wa majini papo hapo mkiwa na daftari mkononi: idadi ya watu, rangi na namba ya chombo, upande walikokwenda. Msisubiri jioni kwa kuona aibu ya kupiga simu ya bure.

Mtu ametolewa majini hapumui. Usimwinue miguu juu wala kumkanyaga tumbo ili kutoa maji. Huo ni upotezaji wa dakika zake za mwisho. Mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi tano kinywani ukiwa umembana pua, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, halafu pumzi mbili, na urudie hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Mtu amepigwa na radi. Mwili wake haubaki na umeme. Mguse, na umhudumie kwa njia hiyo hiyo bila kuchelewa. Kama wamepigwa wengi, anza na asiyepumua. Anayelia ana pumzi.

Mafunjo yaliyomeguka yamefunga mwalo. Upepo huvisukuma visiwa vya mafunjo na matete vikaziba njia ya kutokea; kimoja kilifika hadi kwenye bwawa la Nalubaale, Jinja, mwezi Aprili 2020 na kuikatia nchi umeme. Msiingie kuvikata upepo ukiwa bado unavuma, kwani huhama na kumfunika mtu. Uhamisheni mtumbwi wa uokoaji kwenye ufuko wa jirani, andikeni ubaoni mahali ulipo, na msubiri upepo ugeuke. Mara nyingi upepo wa nchi kavu wa usiku unaofuata huvirudisha ziwani vyenyewe.